Jina la Baba Mkwe wa Generoza

Vijana wangu wa steshenari, nimewaona. Juzi nilipita pale mjini Ngara kupiga kopi ya kadi yangu ya kliniki, nikamkuta mmoja wenu anatafsiri cheti cha ndoa kwa simu. Anakipiga picha, simu inafikiri kidogo, Kiingereza kinatoka. Sikusema kitu, maana mguu ulikuwa unaniuma na foleni ilikuwa ndefu. Lakini nilichungulia, macho bado yapo, nikaona makosa ambayo mwalimu wangu, Mzee Petro, angeyaona angewatupia hiyo karatasi mezani. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Msinikasirikie, na mkikasirika, someni hivyo hivyo.

Mimi ni Veneranda. Nilizaliwa Kasulo, kwenye nyumba ya wakulima wa migomba na maharage. Kihangaza ni lugha ya mama yangu, Kirundi nilikisikia sokoni, Kifaransa nilikipata kwa masista ng'ambo ya mpaka kabla mambo hayajaharibika huko. Kiswahili na Kiingereza ni vya shule. Wakimbizi walipoanza kuingia kwa maelfu kutoka huko, mtu mwenye Kifaransa akawa anatafutwa wilayani kama chumvi. Nikaacha ualimu wa shule ya msingi, nikawa mkalimani na mtafsiri wa nyaraka, na humo nimezeekea.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtu ana karatasi ya huku, anataka ikubalike ng'ambo. Huko hawaijui lugha yake wala hawamjui aliyeisaini. Kwa hiyo unaitafsiri, unaapa mbele ya hakimu kwamba tafsiri ni ya kweli, hakimu anapiga muhuri wake. Kisha inapanda Dar es Salaam, mkubwa mwingine anapiga muhuri kusema huyu hakimu tunamjua, na ubalozi unapiga wa kwao kusema huyu mkubwa tunamjua. Muhuri wa juu hausomi maneno yenu, unautazama muhuri wa chini yake tu. Kwa hiyo kosa likitoka Ngara litasafiri mpaka Ulaya limepambwa mihuri mitatu, na hapo kulitoa ni shughuli.

Aliyenifundisha ni Mzee Petro, katekista wa zamani aliyekuwa mkalimani wa mahakama tangu mimi niko shule. Alikuwa mfupi, mkavu, na kofia ya sufu hakuivua hata jua likiwaka, isipokuwa mbele ya hakimu. Sheria zake zilikuwa chache lakini alizirudia mpaka nikaziota. Ya kwanza: "Ukikaa kwenye kiti cha mkalimani, mdomo si wako. Umemkopesha mwenye maneno." Ya pili ilihusu mihuri. Siku za mwanzo nilitafsiri cheti cha ubatizo ambacho muhuri wa parokia ulikuwa umefifia, nikauruka. Karatasi ikaenda Dar ikarudi na maneno mekundu pembeni. Na Dar ya wakati ule haikuwa mchezo: unapanda basi, mnafika Biharamulo, mnasubiri magari yajae ili polisi wayasindikize kupita porini kwa sababu ya majambazi, ndipo Mwanza, ndipo treni.

"Kwa nini hukuutafsiri muhuri?" akaniuliza.

"Hausomeki, mzee."

"Basi andika hivyo. Muhuri wa duara, hausomeki. Hiyo nayo ni tafsiri."

Mpaka leo nikiona doa la chai kwenye cheti cha mtu mkono unawasha kutaka kuandika kwamba hapa pana doa.

Jambo jingine, msiweke plastiki kwenye cheti kinachokwenda nje. Najua mnaniona bibi anayerudia maneno, kwa sababu mashine ya plastiki mnayo hapo dukani na inawalisha. Ngojeni niwaambie habari ya Mzee Masanja wa Kaniha. Alikuwa Msukuma mwenye ng'ombe, aliyehamia Biharamulo kutoka Shinyanga na familia yake. Kijana wake alipata nafasi ya kusoma nje. Mzee akafunga safari na cheti cha kuzaliwa cha kijana, kimezibwa kwenye plastiki nene, kinang'aa.

"Nimekitunza, binti," akaniambia. "Hata mvua ikinyesha hakina habari."

Tukampelekea hakimu. Hakimu akagonga muhuri, wino ukateleza, akaufuta kwa kidole. Akagonga tena, ukateleza tena. Mzee Masanja akashauri tukwaruze kidogo kwa wembe. Akakwaruza mwenyewe, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuchuna ngozi, na cheti kikatoka vipande viwili. Akavishika kimoja kila mkono. Kisha akasema, "Kumbe karatasi ya serikali nayo inataka kupumua." Tukaomba kingine, kijana akachelewa muhula lakini akaenda. Siku hizi ni injinia, na ninavyosikia vyeti vya watoto wake anaviweka kwenye bahasha.

Nikirudi kwa wakimbizi, nyaraka zao zilikuwa na harufu ya moshi. Wengine walizishonea ndani ya pindo la kitenge, wengine walizifukia wakazifukua. Wengi hawakuwa nazo kabisa. Parokia ilichomwa, ofisi ya tarafa ilichomwa, na aliyekuwa akiandika hayupo tena. Hapo ndipo kiapo kilipokuwa na kazi. Mtu anakuja mbele ya hakimu, anaeleza kwa mdomo yeye ni nani, ameoana na nani, mtoto ni wa nani, na hakimu anaandika. Maneno yake yanakuwa ndiyo cheti.

Na hapa pana kitu ambacho simu yenu haikijui. Huko ng'ambo baba, mama na watoto wanatumia jina moja la ukoo. Kwetu, na kwa Warundi vilevile, kila mtoto anapewa lake, kulingana na siku aliyokuja na yaliyokuwa moyoni mwa baba yake. Kwa hiyo ofisa wa nje akipokea karatasi za familia moja anaona watu watano wasiohusiana. Anaanza kushuku. Ili kuhakikisha, anamuuliza mke maswali yale yale aliyomuuliza mume: baba mkwe wako anaitwa nani, mama mkwe wako je, halafu analinganisha. Kwake hilo ndilo swali jepesi kuliko yote.

Generoza alikuja kwetu kutoka kambi ya Lukole, akiwa na binti yake Estela mgongoni ingawa mtoto alishafikia umri wa kutembea. Mumewe alikuwa ametangulia nchi moja ya baridi. Walipotezana siku ya kukimbia, kila mmoja akidhani mwenzake amekufa, na mume akachukuliwa kupitia nchi nyingine kabla hawajapata habari. Sasa mume alikuwa ameomba mke na mtoto wamfuate. Ndoa yao ilifungwa kwa majembe ya mahari na pombe ya ndizi, mbele ya wazee, na wazee wale hawakuwepo tena. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea kiapo chake kwa hakimu, halafu mahojiano kule kambini na maofisa wa nchi ile. Maneno yake yakilingana na ya mume, angeondoka. Yasipolingana, faili linafungwa, na mtoto angekua hajamwona baba yake. Mwanamume yule hakuwahi kumshika Estela hata mara moja, kwa sababu alizaliwa kwenye turubai, huku.

"Shikamoo mzee," akamwamkia Mzee Petro. Kiswahili chake kiliishia karibu na hapo.

"Marahaba, mwanangu. Usiogope. Utaulizwa, utajibu, huyu dada yako atasema kwa niaba yako."

Tukaingia kwa hakimu. Alikuwa mtu mzima kutoka upande wa Shinyanga, mkali lakini hakuwa na dharau. Mzee Petro akakaa kwenye benchi la nyuma kunisikiliza, kama alivyofanya nilipokuwa bado mwanagenzi. Maswali yakaenda vizuri. Jina lako, jina la mume, mlioana wapi, nani walikuwepo. Generoza alijibu bila kusita. Ndipo hakimu akauliza baba wa mumewe aliitwa nani.

"Ni databukwe," akajibu.

Nikatafsiri: "Ni baba mkwe wangu."

"Najua ni baba mkwe wake," akasema hakimu. "Nauliza jina."

Nikauliza tena. Generoza akatazama sakafu. "Ni databukwe. Ni babu wa mtoto huyu."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akaniambia nimweleze kwamba mwanamke asiyejua jina la mkwewe hawezi kuapa kuwa ameolewa katika nyumba hiyo, na kwamba yeye hasaini viapo vya kubahatisha. Nikatafsiri. Machozi yakaanza kumtoka, lakini mdomo haukufunguka.

Mimi nilijua. Nilijua tangu jibu la kwanza. Mama yangu mzazi, Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliishi na babu yetu ua mmoja na hakuwahi kutaja jina lake. Babu aliitwa jina la mti fulani, na mama akitaka tumletee kuni za mti ule alisema "ule wa majani mapana". Tulicheka sana utotoni. Mke mwenye adabu hamtaji baba mkwe, akiwa hai au akiwa amekufa, na akiwa amekufa ndiyo zaidi. Generoza hakuwa amesahau jina. Alikuwa anamheshimu mwenye jina, pale pale mbele ya muhuri wa serikali.

Lakini mdomo wangu nilikuwa nimeukopesha. Mkalimani haongezi neno. Nikageuka kumtazama Mzee Petro anisaidie, na yeye akawa anaikagua kofia yake kwa makini ajabu. Hakimu akaanza kufunga jalada. Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa nitoke kwenye ukalimani kidogo, niseme la kwangu."

Akanitazama juu ya miwani. "Toka."

Nikaeleza habari ya mama yangu na kuni za majani mapana. Nilipomaliza, karani alikuwa anajizuia kucheka. Hakimu akavua miwani.

"Kaka yangu amepewa jina la babu yetu mzaa baba," akasema. "Mama yetu mpaka leo anamwita 'wewe'. Akiwa mbali anamwita 'yule'. Nimekua na jambo hili nyumbani, na hapa kitini halikunijia kabisa." Akafungua jalada. "Haya. Yeye hawezi kutaja, lakini kusikia anaweza. Si ndiyo?"

"Anaweza, mheshimiwa."

Kwenye barua za mume, alizokuja nazo Generoza, jina la baba yake lilikuwepo. Hakimu akaniagiza niandike majina ya wanaume ya Kirundi pembeni, nilichanganye hilo humo, nisome taratibu bila kubadili sauti. Naye akamtazama Generoza, si mimi. Nikasoma: Bigirimana. Generoza kimya. Ndayizeye. Kimya. Nzeyimana. Kimya. Nikasoma lililofuata, na mkono wake ukapanda wenyewe, akavuta kitenge akaziba mdomo, akainamisha kichwa. Nikasoma la mwisho, lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza tena.

Hakimu akaandika kwa mkono wake kwamba mwapaji, kwa mila, hatamki jina la baba mkwe, na kwamba amelitambua liliposomwa mbele yake. Akasaini, akagonga muhuri. Ulishika vizuri.

Nje nilingoja kukaripiwa. Mzee Petro akavaa kofia yake. "Uliomba ruhusa," akasema. "Angekuwa amekukatalia, ungenyamaza?"

"Sijui, mzee."

"Na mimi sijui. Twende tukale."

Hilo lichukueni, vijana. Kuongeza neno kimyakimya ndani ya tafsiri ni uongo, hata ukiwa wa huruma. Lakini mkalimani anaruhusiwa kuinua mkono na kusema sasa nazungumza mimi. Niliishi miaka mingi na sheria ile moja kabla sijajua kuwa ina mlango.

Kutafsiri yale maneno ya hakimu kwa Kiingereza kulinipa shida kuliko cheti chochote. Niliandika, nikafuta, pembeni ya mashine ya chapa pakajaa karatasi za kutupa. Nilikuwa napamba, nataka wale maofisa wa nje waone aibu iliyokuwa ndani ya kile kitenge. Mzee Petro akasoma rasimu yangu akasema nimeandika mahubiri. Mwishowe nikaweka kile hakimu alichosema, basi.

Mahojiano yalifanyika Lukole, kwenye chumba cha mabati na turubai. Ofisa alikuwa mama wa makamo, mpole, ngozi imebabuka kwa jua letu. Alisoma kiapo chote pamoja na tafsiri yangu. Akafika kwenye ile aya akaisoma mara mbili.

"Nimeelewa," akasema. "Ni jambo la kuheshimika. Lakini wanaoamua hawako hapa. Wataniuliza kama nilimuuliza, na kama alijibu. Lazima niandike alichojibu."

Nikaomba ruhusa, nikaeleza upya. Nikapendekeza nisome majina kama tulivyofanya kwa hakimu. Akatikisa kichwa, na nikaona haimfurahishi. Utaratibu wake ulitaka jibu kutoka kinywani mwa mhusika, na mkalimani asimtajie majina. Hata mimi ningekuwa mahali pake ningeogopa hivyo hivyo, kwa sababu waliokuwa wakinunua majibu kambini walikuwepo, na wauzaji walikuwepo.

Nikamtafsiria Generoza kila neno. Akauliza, "Nikinyamaza?"

"Anasema faili litangoja."

"Litangoja mpaka lini?"

"Hajui."

Estela alikuwa amekaa kwenye benchi, anachezea kamba ya kiatu. Mzee aliyekuwa hatajwi ndiye aliyemshika Generoza mkono siku ya kukimbia, akampa chakula chake chote njiani, akaanguka kabla ya mpaka. Hawakuweza hata kumfukia. Hili alinieleza baadaye. Siku ile nilichoona ni mama anayemwinua mtoto, anamtoa nje, anamkabidhi kwa jirani aliyekuwa kwenye foleni, na kurudi. Hakutaka binti yake amsikie. Akaufunga mlango. Hakukaa. Akageukia ukuta wa upande wa kwao, akasema maneno machache kwa sauti ya chini ambayo hayakuwa ya ofisa wala ya kwangu, akamwomba mzee msamaha. Kisha akalitaja. Mara moja, jina zima, kwa sauti iliyonyooka.

Ofisa alikuwa akihangaika na kalamu iliyokataa kuandika. "Samahani," akaniambia, "sikulisikia vizuri. Mwombe arudie."

Hilo sikulitafsiri.

"Nimelisikia," nikamjibu. "Nitakuandikia." Nikachukua karatasi yake nikaliandika, kwa hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Akalilinganisha na la mume. Akaweka alama. Akamgeukia Generoza akamshukuru, na nadhani alimaanisha. Usiku wa siku ile nilimweleza Mzee Petro kuwa kuna ombi la ofisa nimelimeza. Akaniuliza kama nimekula.

Walisafiri masika yalipokwisha. Generoza alikuja kuniaga, amemvisha Estela sweta nzito kwenye jua kali ili alizoee. Kabla ya kupanda gari akanivuta pembeni.

"Dada, lile jina uliliandika wapi?"

"Kwenye karatasi ya hakimu na yao tu."

"Kwako hukubaki nalo kwenye karatasi?"

"Sikubaki nalo."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda.

Habari hii nimewasimulia wengi, na kila mara kuna mmoja anayeuliza huyo mzee aliitwa nani hasa. Mkirudi nyuma kwenye karatasi hizi mtakuta majina ya watu wengi, hadi ya wanaume niliowachanganya pale kwa hakimu. La kwake hamtalikuta. Nalikumbuka vizuri, herufi kwa herufi, na sitalitaja.